Matangazo ya vichezaji muziki yapitishwe kwenye kikokotoo kwanza

Mhariri,

Tangazo la kichezaji muziki kipya siku hizi ni safu ya tarakimu: wati 1,000, mAh 5,000, GB 128, saa 24, IPX7, Bluetooth 5.3. Mnunuzi wa Lamu au Malindi huzisoma akadhani amepewa vipimo, akalinganisha sanduku na sanduku, kisha akachukua lenye namba kubwa. Sisi mafundi tunaovifungua vifaa hivi twaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuonyeshe kwamba nyingi ya namba hizo hazihitaji maabara kuzikanusha. Zinakanushana zenyewe kwa zenyewe, na kikokotoo cha simu kinatosha kuzifumania.

Betri ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa ndiyo yenye uongo mwingi na ndiyo nyepesi kupima. mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha chaji ya betri, peke yake haisemi nishati iliyomo mpaka uizidishe kwa volti. Seli ya lithiamu huhesabiwa volti 3.7, kwa hivyo betri ya mAh 1,200 ni 1.2 mara 3.7, yaani wati-saa 4.4. Sasa chukua kispika kinachodai wati 20 kwa saa 12 kwa betri kama hiyo. Ishirini mara 12 ni wati-saa 240, na ndani mna 4.4. Muuzaji anayejua kujitetea atasema kwamba muziki haupigi kwa nguvu zote kila sekunde, kuna kilele na kuna utulivu, na hapo anasema kweli: wastani wa muziki huweza kuwa kama sehemu moja ya nane ya kilele. Haya, tumkubalie. Moja ya nane ya wati 20 ni wati 2.5. Gawanya 4.4 kwa 2.5, hupati hata saa mbili. Ili betri hiyo ifike saa 12 kweli, umeme wote unaoliwa, pamoja na wa zile taa za rangi zinazochezacheza, usizidi wati 0.37. Hiyo ni sauti ya kusikiliza taarifa ya habari ukiwa umelala na redio iko kando ya mto.

Kuna njia ya pili ya kuikamata betri, nayo ni rula. Betri bapa za ndani ya vichezaji vidogo huwa na namba ya tarakimu sita juu yake, mfano 502030. Namba hiyo ni vipimo vyake: unene milimita 5.0, upana 20, urefu 30. Zidisha, utapata milimita 3,000 za ujazo. Seli ya kawaida hutoa mAh moja kwa kila milimita 9 hadi 12 za ujazo, kwa hivyo hiyo itakupa karibu mAh 250 hadi 330. Ikiwa sanduku limeandika 1,000, basi aliyeliandika hakuiona betri, au aliiona akaona si neno. Ile BL-5C ya Nokia, ambayo redio nyingi ndogo bado zinaitumia, ilikuja ikiwa imeandikwa mAh 1,020 kwa umbo ambalo kila fundi analijua. Nakala yenye umbo lilelile inayodai mara mbili ya hapo imebadilishiwa karatasi ya juu tu, humo ndani hapakuongezeka kitu. Na seli ya duara ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, nyingi ya zilizo bora huishia karibu 3,500. Zile zinazouzwa zikiwa zimeandikwa 9,900 hata haifai kuzijadili. Zitie kwenye mizani. Seli nzuri huwa na uzito wa gramu 45 hivi na kuendelea. Nyingi ya hizo za uongo ni nyepesi mno, na zipo zilizopasuliwa zikakutwa na kiseli kidogo katikati na unga wa kujazia nafasi.

Hesabu hiyohiyo yahusu pawabenki, ambayo huuzwa pamoja na kichezaji kama zawadi. mAh 10,000 ni za seli ya volti 3.7. Ukitoa kwa volti 5 zinabaki 7,400, na baada ya hasara ya saketi ukipata 6,000 na ushei shukuru.

Sasa wati. Herufi PMPO zinazoandikwa kando ya wati hazina kipimo chochote kinachokubaliwa nyuma yake. Kila kiwanda hujipangia, na ndiyo maana kispika kinachoingia kiganjani kinaweza kuandikwa 1,000. Kipimo cha kuuliza ni wati RMS, yaani nguvu inayodumu na si ya kilele cha mara moja, na hata hizo ziandikwe pamoja na omu (ukinzani wa umeme) za spika na kiwango cha sauti kukwaruza. Lakini usipoambiwa, jihesabie. Amplifaya inayolishwa moja kwa moja na seli moja iliyojaa volti 4.2, ikisukuma spika ya omu 4, haiwezi kutoa sauti safi inayozidi wati 2.2: volti mara volti, ugawanye kwa mara mbili ya omu. Seli ikishuka hadi 3.7 zinabaki 1.7. Spika mbili, mara mbili. Ukiongeza zaidi ya hapo ndipo unaposikia ile sauti ya bati inayopasuka, na wengi hudhani spika imetoboka ilhali ni amplifaya imefika ukutani. Vipo vispika vyenye saketi ya kupandisha volti, na hivyo hutoa zaidi kwa haki, ila saketi hiyo nayo hula betri. Kwa anayetaka kipimo cha haraka dukani, atazame maandishi ya chaja: volti 5 kwa ampea 1 ni wati 5. Kifaa kinachojazwa kwa wati 5 kwa saa mbili hakiwezi kurudisha zaidi ya wati-saa 10, hata kiandikwe nini ubavuni.

Haikuwa hivi tangu zamani, na hatusemi haya kwa kutamani ya kale. Kaseti iliyoandikwa C90 ilikuwa na dakika 90, upande huu 45 na huu 45, na aliyerekodi taarab ya Zein l'Abdin au ya Juma Bhalo alijua wimbo upi utamkatikia mwisho wa utepe. Hata Apple ilipotoa iPod ya kwanza Oktoba 2001 na kutangaza nyimbo 1,000 mfukoni, tangazo lile lilisimama kwa hesabu: GB 5, wimbo wa dakika nne, kilobiti 160 kwa sekunde. Hiyo ni MB 4.8 kwa wimbo, mara 1,000 ni GB 4.8. Kampuni iliandika na masharti ya hesabu yenyewe. Matatizo ya iPod yalikuja kwenye betri, na wateja wa Marekani walishtaki mpaka pakafikiwa suluhu mwaka 2005. Lakini namba ya nyimbo ilikuwa namba. Siku hizi sanduku laandika tu nyimbo 10,000, bila kusema za dakika ngapi. Kwa msikilizaji wa taarab jambo hilo si dogo. Katika kilobiti 128 kwa sekunde, muziki wa MP3 hula karibu MB moja kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 4, lakini taarab ya dakika 12 ni MB 12, kwa hivyo kadi iliyosifiwa kwa nyimbo 1,000 itakutosha taarab mia tatu na kitu.

Hapo kwenye kadi ndipo penye wizi wenyewe, na twaomba tupaeleze kwa kirefu kwa sababu watu hulaumu kichezaji ilhali kosa ni la memori kadi iliyotiwa ndani kama bahashishi. Kwanza tuondoe lawama isiyo ya haki. Kadi ya GB 32 ikionyesha 29 na nukta kwenye simu au kompyuta, hujaibiwa; kiwanda huhesabu kwa 1,000 na kompyuta huhesabu kwa 1,024, na hiyo 64 itaonyesha 59.6, na 128 itaonyesha 119. Wizi ni kadi yenye GB 8 za kweli ambayo kidhibiti chake kimefundishwa kusema ni 128. Utainunua, utaipachika, itasema 119, utanakili nyimbo bila ya kelele yoyote. Zikipita GB 8, data mpya ama yatupwa kimyakimya, ama yaandikwa juu ya ile ya kwanza. Ndiyo maana jina la wimbo lipo na ukiubonyeza unaruka, au unasikia kipande cha wimbo mwingine kabisa.

Kuifomati hakusaidii, maana uongo hauko kwenye mafaili, uko ndani ya kadi. Njia ya kuipima ni kuijaza mpaka mwisho na kuisoma upya. Kwenye kompyuta ya Windows programu ya H2testw hufanya kazi hiyo, na kwenye Linux ipo F3. Zote huandika mafaili ya majaribio, kisha huyasoma na kukuambia GB ngapi zimerudi nzima. Kadi ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa moja kuandikwa na muda mwingine kusomwa, kwa hivyo usitegemee kuipima ukiwa umesimama kaunta. Asiye na kompyuta anakili nyimbo mpaka kadi iseme imejaa, kisha aitoe kabisa na kuirudisha. Hatua hiyo ya kuitoa watu huiruka, na ndiyo inayowadanganya, kwani simu huweza kukuchezea wimbo kutoka kumbukumbu yake yenyewe na wala si kutoka kwenye kadi. Baada ya kuirudisha sikiliza wimbo wa kwanza kunakiliwa, wa katikati na wa mwisho. Ukiwa umeshauziwa na duka limekana, kadi yaweza kuokolewa kwa kutengewa sehemu ndogo isiyozidi ukubwa wake wa kweli; GB 7 zinazoaminika ni bora kuliko 119 za hewa. Lakini usiweke humo kitu usicho na nakala yake, hasa kaseti za wazee zilizohamishwa.

Hata kadi ikiwa halali, kichezaji chenyewe kinaweza kuikataa. Vingi vya bei ya chini husoma kadi yenye mpangilio wa mafaili uitwao FAT32 pekee. Kadi za GB 64 na kuendelea hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio mwingine, exFAT, na kichezaji huandika kwamba hakuna kadi. Kabla ya kuirudisha dukani, ifomati kwa FAT32 kwenye kompyuta. Ile njia ya kawaida ya Windows kwa miaka mingi haikuruhusu FAT32 zaidi ya GB 32, kwa hivyo huenda ukahitaji programu ya pembeni. Au nunua ya GB 32 ukapumzika.

Upande wa mafaili, vichezaji hivi husoma MP3, WAV na mara nyingi WMA. Sauti iliyotolewa kwenye video za mtandaoni huja kama M4A, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp huja kama Opus, na hizo hupita bila kuchezwa. Kubadilisha jina la faili likaishia na mp3 hakugeuzi kitu. Igeuze kwa programu kama VLC, chagua MP3, kilobiti 128, na ikiwa faili ina picha kubwa ya jalada iondoe, kwani vichezaji dhaifu hugugumia vikiifungua. Majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu huonekana kama visanduku vitupu. Yaandike kwa herufi za Kirumi.

Kuna malalamiko mengine tunayoyasikia zaidi huku Lamu kuliko labda bara, nayo hayatajwi katika tangazo hata moja. Wengi wanaonunua vifaa hivi, hasa wazee, hawanunui kwa muziki. Wanataka Kur'ani, kasida, na darsa za saa moja na nusu. Wanalalamika kwamba sura zinakuja ovyo, An-Naas kabla ya Al-Baqara. Sababu ni kwamba kichezaji cha bei ndogo hakipangi kwa jina, hucheza kwa mfuatano ambao mafaili yaliingizwa kwenye kadi. Dawa yake: zipe sura majina yanayoanza na 001 hadi 114, safisha kadi, panga kwa jina kwenye kompyuta, chagua zote kwa pamoja na uzinakili kwa mkupuo mmoja. Ukija kuongeza moja baadaye itakaa mwisho hata ikiwa na namba 036. Zipo programu za kupanga upya orodha ya FAT bila ya kunakili upya, na fundi yeyote mwenye kompyuta anaweza kukufanyia.

Jambo la pili wanalolalamikia ni kichezaji kusahau. Mtu amefika dakika ya 50 ya darsa, anazima aende kuswali, akiwasha kinaanza faili la kwanza tangu mwanzo. Kukumbuka mahali ulipoachia ni kazi ya programu ya ndani, haigharimu kiwanda karibu chochote, na kwa msikilizaji wa aina hii ina thamani kuliko Bluetooth na taa zote. Ijaribu dukani: sogeza mbele dakika tano, zima kabisa, washa. Kifaa chenye kujua mambo kitaendelea palepale. Kingine kitaanza wimbo uleule upya, ambayo ni nusu ya kheri. Na hakikisha kina vitufe vya kubonyeza na swichi ya kufunga vitufe mfukoni, si kioo cha kugusa kidogo kama kucha. Anayetaka redio ya FM akumbuke kwamba katika vichezaji vingi waya wa iafoni ndio antena. Mawimbi ya FM ya megahezi 100 yana urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75, kwa hivyo kijiwaya kifupi hupokea vibaya. Mwenye iafoni za Bluetooth tupu hana antena kabisa, kisha husema redio mbovu.

Bahari nayo ina hesabu yake. IPX7 maana yake ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, katika maji baridi yasiyo na chumvi, kifaa kikiwa kipya na vifuniko vyote vimefungwa. Ile X ina maana kwamba vumbi halikupimwa, na mchanga wa Shela hauombi ruhusa. Halikupimwa pia bomba la maji ya kasi, maana hilo ni jaribio jingine lenye namba yake. Kwa hivyo picha ya spika ikiwa juu ya wimbi la bahari yaahidi kitu ambacho namba haikuahidi. Spika halisi ya IPX7 ikiingia maji ya chumvi, itumbukize kwenye beseni la maji matamu kwa upole, itikise, iache kivulini soketi ikitazama chini mpaka kesho yake. Isiyo na namba hiyo usiitumbukize. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu.

Kosa linaloua vifaa vingi zaidi pwani ni kuchaji soketi ikiwa na unyevu wa chumvi, na hapo hata si lazima kifaa kiingie majini, upepo wa kusi wenyewe watosha ukikiweka barazani. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi huanza kula madini, na pini inayobeba volti 5 ndiyo huliwa kwanza, ikawa kijani kisha nyeusi kisha haipo. Soketi ikianza ukijani bado yaokoleka: brashi laini ya meno na isopropili ya asilimia 90 na zaidi, kifaa kikiwa kimezimwa, na uiache ikauke. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda kutoka duka la dawa. Mara nyingi hutiwa mafuta ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki kwenye pini yakanasa vumbi. Pini ikiwa imekwisha kuliwa, soketi yabadilishwa kwa lehemu, kazi ya muda mfupi ikiwa ubao wa saketi haujachomwa na fundi aliyetangulia.

Kabla ya hapo, kuna ubovu ambao si ubovu. Baadhi ya vichezaji vipya vyenye soketi ya USB-C havichaji kabisa kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Watu huvirudisha, na maduka huvipokea yakaviuza tena. Chaja za waya huo hazitoi volti mpaka zione rezista mbili za kiloomu 5.1 ndani ya kifaa, na viwanda vinavyobana senti huziacha rezista hizo. Tumia waya wa zamani, wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, nao utatoa volti 5 bila kuuliza. Kifaa kitachaji siku zake zote hivyo. Lakini sanduku lililoandikwa "USB-C" kwa herufi kubwa lingepaswa kusema hivyo.

Bluetooth 5.3 tuipite upesi. Namba ya toleo haikuambii ubora wa sauti. Masafa ya mita 10 ni ya mahali pa wazi, na kuta za mawe za nyumba za Mji wa Kale, zenye unene wa karibu nusu mita, hazikuwemo kwenye kipimo cha kiwanda. Simu ikae chumba kimoja na spika. Kuhusu masikio, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa nne tu. Wazazi wanaonunua iafoni za kuziba sikio wauzingatie.

Tunasikia hoja kwamba soko lina maoni ya wateja, basi wanunuzi wasome nyota. Tumezisoma. Maoni mengi huandikwa siku mzigo umefika, kabla betri haijajazwa mara ya pili, na husema "sauti tamu sana" na "kimefika salama". Kufika salama ni sifa ya basi na boti ya Mokowe, si ya kichezaji. Maoni yenye faida ni ya aliyekitumia miezi mitatu akaandika: nilikijaza, nikaweka sauti nusu, kimekwenda saa tano, kinasoma kadi ya GB 32, ya 64 kimekataa, kinakumbuka mahali, soketi bado nyeupe. Mtu akiandika hivyo, hata akikupa habari mbaya, amekusaidia kuliko nyota tano. Ikiwa kifaa alipewa bure na muuzaji ili akisifu, aseme. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini siku hizi vyote viwili vinatembezwa, tena na vijana walewale kwa maneno yaleyale, na bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari mwekundu ambayo haijawahi kulipwa na mtu.

Sheria ipo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yampa mlaji haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na haki ya habari anazohitaji ili anufaike nayo, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inahesabu maelezo ya uongo kuhusu bidhaa kuwa mwenendo usio wa haki. Kwa hivyo ile mihuri ya risiti isemayo mali ikiuzwa hairudishwi haimfuti mnunuzi haki yake pale GB 128 zinapokuwa 8. Atunze risiti, aombe iandikwe namba zilizotangazwa, si neno "MP3" tu, na atunze majibu ya programu ya kupima. Dhamana ya mwaka mmoja inayodai kifaa kipelekwe Nairobi ina gharama kwa mtu wa Faza au Kizingitini: boti, basi, na kurudi. Aulize kabla ya kulipa ni nani atakayelipia safari hiyo, na jibu liandikwe.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo na liko mikononi mwa idara yako ya matangazo. Tangazo la kichezaji au spika lisipitishwe mpaka mwenye mali aandike wati-saa za betri, wati za RMS na omu zake, saa za kucheza na ni kwa sauti kiasi gani, na aina za mafaili na ukubwa wa kadi inayosomwa. Maneno hayo hayazidi mstari mmoja na nusu wa safu yako. Atakayekataa kuyaandika aulizwe sababu kwa simu, na ikiwa atajibu kwamba hajui, lile tangazo la wati 1,000 lirudishiwe mwenyewe pamoja na pesa zake.

Mafundi wa redio na simu,
Langoni, Lamu